Rekodi ya mkutano wa chama: nani aione, na utaituma vipi?

Jumapili, saa mbili usiku. Ng'ombe wameshakamuliwa, chakula kimeliwa, na simu zinaanza kulia moja moja: linki ya mkutano imetumwa kwa grupu. Mwenyekiti yuko nyumbani kwake Kianjai. Mweka hazina yuko Nairobi kikazi. Mwanachama mmoja aliolewa Mombasa, mwingine anafanya kazi Qatar. Zamani chama kama hiki kingekutana kwa nyumba ya mmoja wao, na asiyefika alipe faini. Siku hizi mnakutana mtandaoni, na aliyekosa anaambiwa, "Usijali, tumerekodi."

Ni jambo zuri. Aliyekosa atasikia mwenyewe, na hakuna mtu atakayesema baadaye, "Mimi sikuambiwa." Lakini kuna swali ambalo vyama vingi havijiulizi: hiyo rekodi inaenda wapi baada ya mkutano?

Huenda unashangaa kwa nini sisi, kampuni ya malipo kwa simu, tunakufundisha mambo ya Zoom na Google Meet. Sababu ni hii: mkutano wa chama ni mkutano wa pesa. Ndani yake mna majina, nambari za simu, michango, mikopo na tarehe. Tapeli akipata hayo, hahitaji kuiba simu yako wala kubahatisha PIN yako. Anahitaji tu kukupigia na kuongea kama mtu anayekujua.

Katika somo hili utajifunza rekodi imebeba nini, imehifadhiwa wapi, jinsi ya kuwatumia wanaostahili peke yao, na la kufanya ikishavuja.

Mfano: elfu mbili ya tarehe tano

Chama kilicho kwenye mfano huu tumekibuni ili somo lieleweke. Mbinu ya tapeli, hata hivyo, ni ile ile ya kawaida.

Chama kina wanachama 24. Kila mmoja anachanga shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwenye mkutano wa Jumapili, mweka hazina anafungua taarifa ya malipo ya chama na kuionyesha kwenye skrini ili kila mtu ajue nani amelipa na nani bado. Majina yako pale, nambari za simu ziko pale, tarehe na kiasi viko pale. Mkutano unarekodiwa. Asubuhi, katibu anatuma video nzima kwa grupu ya WhatsApp.

Mama mmoja hakuelewa vizuri habari ya mikopo, kwa hivyo anaifowadi kwa kijana wake aliye chuoni amweleze. Kijana naye anaitupa kwa grupu ya marafiki akiuliza, "Hii riba imekokotolewa vipi?" Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini sasa video iko kwenye simu za watu ambao chama hakiwajui.

Siku tatu baadaye mama anapigiwa simu.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye ninayemsaidia mweka hazina wenu na hesabu. Ile elfu mbili yako ya tarehe tano iliingia mara mbili kwa vitabu, tunataka kukurudishia moja."

"Marahaba mwanangu. Ni kweli nilituma tarehe tano."

"Sawa mama. Sasa utapata ujumbe wenye nambari sita. Nisomee tu hizo nambari nikamilishe."

Mama anasoma. Nambari hizo sita zilikuwa za kufungulia akaunti yake ya WhatsApp kwenye simu nyingine. Dakika chache baadaye, kwa jina lake na picha yake, grupu ya chama inapata ujumbe: "Mtoto amelazwa ghafla, nisaidieni na 5,000, nitarudisha Ijumaa. Tumeni kwa hii nambari, laini yangu ina shida." Wenzake watatu wanatuma. Mama huyu ni mtu wa kuaminika, kwa nini wasitume?

Zimeenda shilingi 15,000. Hakuna PIN iliyoibiwa. Kilichofungua mlango ni "elfu mbili ya tarehe tano", maneno ambayo mama aliamini yanajulikana na watu wa chama pekee.

Hilo ndilo tunalotaka ukumbuke: rekodi ya mkutano ni kitabu cha chama. Kitabu cha mweka hazina huwezi kukiacha kwenye kiti cha matatu. Basi hata video yake usiiache barabarani.

Ndani ya rekodi kuna nini?

Watu wengi hudhani rekodi ni sura na sauti tu. Angalia vizuri, kuna zaidi.

1. *Majina na nambari.* Kila mshiriki huonekana na jina aliloandika alipoingia. Wengine huandika jina na nambari ya simu pamoja, ili mweka hazina awatambue.

2. *Kila kilichoonyeshwa kwenye skrini.* Taarifa ya malipo, daftari la mikopo, hata ujumbe ulioingia ghafla wakati mtu anaonyesha skrini yake. Kumbuka kwamba ujumbe wa malipo mara nyingi hutaja salio lako.

3. *Gumzo la maandishi.* Hapa ndipo watu huandika "nitumie kwa nambari hii" au "yangu nimelipa, angalia". Zoom inaweza kuhifadhi gumzo kama faili la maandishi, kando na video. Ukituma folda nzima, umetuma na gumzo.

4. *Sauti na habari za nyumbani.* Nani ameomba mkopo kwa sababu ya karo. Nani anaumwa. Nani amechelewa kulipa kwa sababu mavuno ya maharagwe hayakuwa mazuri. Zaidi ya hayo, siku hizi kuna programu za kuiga sauti ya mtu kutokana na rekodi. Sauti yako pia ni mali ya kulindwa.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi

Kazi kubwa ya usalama hufanyika kabla, si baada. Kile ambacho hakikurekodiwa hakiwezi kuvuja.

*Omba ridhaa.* Zoom na Google Meet huwajulisha washiriki kwamba mkutano unarekodiwa. Hilo halitoshi. Mwenyekiti aseme kwa mdomo: "Tunarekodi kwa ajili ya wenzetu wawili ambao hawakufika. Rekodi itakaa wiki mbili kisha ifutwe. Kuna mwenye pingamizi?" Akiwepo asiyetaka kuonekana, azime kamera. Akiwa na jambo lake la siri, zimeni kurekodi mpaka amalize.

*Tenga sehemu ya pesa.* Panga ajenda ili habari za nani amelipa na nani anadaiwa zikae pamoja, mwanzoni au mwishoni. Mkifika hapo, simamisha kurekodi. Zoom ina kitufe cha kusimamisha kwa muda. Kama programu yako haina, zima kabisa, kisha uanze tena mkimaliza. Aliyekosa mkutano atapata hesabu yake kutoka kwa mweka hazina moja kwa moja, yeye na mweka hazina tu.

*Onyesha muhtasari, si taarifa nzima.* Badala ya kufungua taarifa ya malipo iliyo na nambari za watu, mweka hazina aandae karatasi fupi: jumla iliyoingia, jumla iliyotoka, salio. Anayetaka kukagua taarifa yenyewe ana haki hiyo, na apewe nafasi ya kuikagua, lakini si mbele ya kamera inayorekodi.

*Onyesha dirisha moja.* Ukitumia kompyuta, chagua kuonyesha dirisha la ile karatasi pekee, si skrini yote. Ukitumia simu, washa kwanza hali ya Usisumbue ili ujumbe usijitokeze juu ya skrini ukiwa unaonyesha.

Rekodi yako imehifadhiwa wapi?

Muulize katibu wa chama chako swali hili leo. Wengi watajibu, "Iko tu kwa mtandao." Hapana. Kila programu ina mahali pake.

*Zoom ya bure* huhifadhi rekodi kwenye kompyuta iliyotumika, kwa kawaida katika folda inayoitwa Zoom iliyo ndani ya folda ya nyaraka. Huwezi kurekodi kwa simu ukiwa na akaunti ya bure. Ndiyo maana makatibu wengi huenda saiba. Na hapo ndipo shida huanza: mkutano ukiisha, katibu anabeba nakala yake kwa flashi, analipa, anaenda nyumbani. Nakala ya kwanza imebaki kwenye kompyuta ya saiba. Mteja anayekaa kwenye kiti hicho baada yake anaweza kuitazama akipenda.

Kama lazima urekodi ukiwa saiba, fanya hivi kabla ya kuondoka: subiri Zoom imalize kubadilisha rekodi kuwa video, nakili faili lako, futa folda ya mkutano huo, fungua pipa la taka la kompyuta na ulimwage, toka kwenye akaunti yako ya Zoom na ya barua pepe. Afadhali zaidi, aazimwe mwanachama mwenye kompyuta yake.

*Zoom ya kulipia* inaweza kuhifadhi rekodi kwenye seva za Zoom zenyewe. Ukituma linki yake, unaweza kuiwekea nenosiri, kuiwekea tarehe ya mwisho, na kuzuia watu wasiipakue.

*Google Meet*, kwa akaunti za kulipia zinazoruhusu kurekodi, huweka rekodi kwenye Google Drive ya aliyeandaa mkutano. Kwa hivyo kama aliyeandaa ni kijana wa mwenyekiti akitumia akaunti ya kazini kwake, basi rekodi ya chama chenu iko kwa akaunti ya mwajiri wake. Fikirieni kama ndivyo mnavyotaka.

*Simu ya WhatsApp* haina kitufe chake cha kurekodi. Watu hutumia kinasa skrini cha simu, na wenzao hawapati taarifa yoyote kwamba wanarekodiwa. Video hukaa kwenye matunzio ya picha, karibu na picha za harusi na za watoto, na anayeazima simu hukutana nayo. Chama kipitishe kanuni: hakuna kurekodi kimya kimya.

Njia tatu za kutuma, kuanzia ya hatari zaidi

*Ya kwanza: kutupa faili kwa grupu ya WhatsApp.* Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa njia ambayo mtu wa katikati hawezi kuusoma, hilo ni kweli. Lakini hatari ya chama chako haiko katikati ya safari, iko mwishoni. Kila mwanachama sasa ana nakala yake, na kila nakala inaweza kufowadiwa. Watu 24 wakipata faili, umetengeneza vitabu 24 vya mweka hazina. Tena video ya saa nzima inakula bando la kila mtu, hata wale waliokuwepo.

*Ya pili: linki ya wazi.* Unaiweka video kwenye Google Drive na kuchagua kwamba mtu yeyote mwenye linki aweze kuitazama. Hapa nakala ni moja, na unaweza kuifuta ukitaka. Ila linki husafiri kama faili. Mwenye linki ndiye mwenye ruhusa, awe mwanachama au asiwe. Video ya YouTube isiyoorodheshwa ni vivyo hivyo: haitokei kwenye utafutaji, lakini aliye na linki anaiona.

*Ya tatu: linki ya majina.* Unaiweka video kwenye Drive, kisha unaandika anwani za barua pepe za watu wanaoruhusiwa. Linki ikifika kwa mtu mwingine, haitamfungukia. Hii ndiyo tunayokushauri utumie.

Utasema, "Lakini wanachama wangu hawana barua pepe." Huenda wanayo bila kujua. Simu yoyote ya Android inayopakua programu kutoka Play Store kwa kawaida imeunganishwa na akaunti ya Google. Mwambie mwanachama afungue mipangilio ya simu, aguse sehemu ya Google, na ataona anwani yake juu pale. Katibu azikusanye mara moja, aziandike kwenye daftari, kazi imeisha.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Fungua programu ya Google Drive kwa simu au kompyuta. Nafasi ya bure ni GB 15, na huchangiwa na barua pepe na picha zako.

2. Pakia video. Ipe jina la kawaida lenye tarehe. Usiandike kwenye jina "Taarifa ya mikopo ya wanachama".

3. Gusa alama ya kushiriki. Andika anwani za wale waliokosa mkutano, moja moja.

4. Wape ruhusa ya kutazama tu, si ya kuhariri.

5. Angalia sehemu ya ruhusa ya jumla chini yake. Hakikisha imewekwa kwa waliotajwa pekee, si kwa mtu yeyote mwenye linki.

6. Ukiwa kwenye kompyuta, fungua mipangilio ya kushiriki na uondoe ruhusa ya watazamaji kupakua. Hii haimzuii mtu kupiga picha skrini kwa simu nyingine, lakini inapunguza nakala za kiholela.

7. Jaribu mwenyewe. Fungua linki kwa simu ambayo anwani yake hukuiweka. Ikikataa, umefaulu.

8. Weka kengele kwenye simu yako ya baada ya siku 14. Ikilia, futa video, na uifute tena kwenye pipa la taka la Drive.

Jambo moja zaidi. Ukilazimika kutumia rekodi yenye nenosiri, usitume linki na nenosiri kwa ujumbe mmoja. Tuma linki kwa WhatsApp, kisha mpigie mtu umtajie nenosiri. Kufuli na funguo havifungwi kwa mfuko mmoja.

Si kila mtu anahitaji rekodi nzima

Watu wa Meru hawahitaji kufundishwa kwamba kuna maneno ya ndani na maneno ya nje. Baraza la wazee wa Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, si mbali na Kianjai, linajulikana kwa kutunza siri ya kinachozungumzwa ndani. Watu hupewa uamuzi, mjadala hubaki kwa wazee. Chama chako kinaweza kufuata mwendo huo huo. Kabla ya kutuma, jiulize: huyu anahitaji mjadala au anahitaji uamuzi?

*Mwanachama aliyekosa mkutano* anahitaji rekodi, kwa linki ya majina. Kama bando ni shida, mtumie sauti pekee. Zoom ikirekodi kwenye kompyuta huweza kutoa faili la sauti kando na la video. Ni jepesi zaidi, na halionyeshi skrini. Ila kumbuka bado lina majina yanayotajwa, kwa hivyo lilinde vile vile.

*Mwanachama mwenye kabambe* asiachwe nyuma. Yeye hawezi kufungua linki. Katibu ampigie amsomee kumbukumbu, au akae naye dakika ishirini siku ya soko amwonyeshe kwa simu yake. Usimwambie atumie simu ya jirani kutazama, maana hapo jirani naye amehudhuria mkutano.

*Mkaguzi wa hesabu, afisa wa benki au wa SACCO* anahitaji kumbukumbu zilizotiwa sahihi na nakala ya taarifa ya akaunti. Hahitaji kusikia nani alilia akiomba mkopo. Akisisitiza kuona rekodi, muulize anatafuta nini hasa, kisha mkatie kipande hicho pekee. Simu nyingi zina kikata video ndani ya matunzio ya picha.

*Jamaa na marafiki*, hata kama ni mtoto wako mwenyewe, hawahitaji rekodi. Kama unataka kijana akueleze riba, andika hesabu kwenye karatasi bila majina: "Mkopo 10,000, miezi mitatu, riba kiasi fulani." Ataieleza tu.

*Kamati ya mazishi au ya harambee* ina uangalifu wake wa pekee. Hapo watu ni wengi, wengine hamjuani, na kila mmoja anatafuta nambari ya kutuma mchango. Tapeli akipata video, hutengeneza bango linalofanana na lenu na kubadilisha nambari moja tu. Tangazeni nambari ya mchango mahali pamoja, na mtu mmoja mnayemjua aithibitishe kwa simu. Majina ya waliochanga na kiasi chao yasibaki kwenye rekodi inayozunguka.

*Wenye duka na mawakala* wanaofanya mikutano ya wafanyakazi mtandaoni: msirekodi mkionyesha akaunti ya duka, salio la floti, wala orodha ya wateja wanaodaiwa. Mfanyakazi akiacha kazi, siku hiyo hiyo ondoa anwani yake kwenye kila rekodi uliyomshirikisha. Wengi hubadilisha kufuli la mlango na kusahau hili.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na habari za familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikafuata na kueleza haki hizo kwa undani. Una haki ya kuelezwa data yako itatumiwa kwa kazi gani, kuiona, kupinga itumiwe, na kuomba isahihishwe au ifutwe ikiwa ni ya uongo au ya kupotosha.

Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi. Tena inataka anayesimamia data, ikifikiwa na mtu asiye na ruhusa na kukiwa na hatari ya kweli ya madhara, amjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu alipojua, na awajulishe pia wenye data.

Kwa lugha ya chama: rekodi ikivuja, usifiche. Viongozi wengi hunyamaza kwa aibu, na katika siku hizo za kunyamaza ndipo tapeli hupiga simu. Kama viongozi wa chama cha mfano wetu wangesema siku ya kwanza, "Video imetoka nje, mtu akitaja michango yenu msimwamini," mama angekata simu.

Ikishavuja, fanya haya kwa mpangilio huu

1. *Kata chanzo.* Ondoa ruhusa kwenye Drive au futa video. Kama ilitumwa kwa WhatsApp, ifute kwa kila mtu mapema. Nafasi hiyo hudumu takribani siku mbili tu, na haigusi nakala zilizokwisha kufowadiwa.

2. *Waambie wanachama wote siku hiyo hiyo*, kwa kuwapigia ikiwezekana, hasa wazee na wenye kabambe. Waeleze wazi ni habari gani zimetoka.

3. *Wekeni swali la chama.* Mtu akipiga akijiita wa chama, ulizeni jambo ambalo halikutajwa kwenye rekodi. Au fanya rahisi zaidi: kata simu, umpigie mwenyewe mweka hazina kwa nambari uliyo nayo siku zote.

4. *Washeni uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp.* Uko ndani ya mipangilio, sehemu ya akaunti. Utachagua PIN yako. Usitumie ile ya pesa.

5. *Hakuna kutuma pesa kwa ujumbe pekee.* Mwanachama akiomba msaada kwa maandishi, msikie sauti yake kwanza, na umuulize jambo mnalolijua nyinyi wawili.

6. *Ripoti.* Kama pesa zimeshatumwa, piga huduma kwa wateja mara moja, usingoje asubuhi, maana pesa zikishatolewa ni vigumu kuzirudisha. Kama laini yako ni ya Safaricom, ujumbe wa kitapeli unaweza kuutuma kwa 333 bila malipo. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe na upewe nambari ya OB.

Kazi ya wiki hii

Usisome tu kisha ufunge. Kwenye mkutano wenu ujao, mwenyekiti aweke ajenda ya dakika kumi, na chama kijibu maswali matano:

- Nani pekee ndiye anayeruhusiwa kurekodi?
- Rekodi zetu za zamani ziko wapi, na kwa simu na kompyuta za nani?
- Tutasimamisha kurekodi tukifika sehemu gani ya ajenda?
- Rekodi itakaa siku ngapi kabla ya kufutwa?
- Ikivuja, nani atapiga simu ya kwanza, na atampigia nani?

Yaandikeni majibu kwenye kumbukumbu, kila mmoja akubali. Kisha katibu afungue Drive yake na matunzio yake ya picha, afute zile video za mwaka juzi ambazo hakuna anayezitazama. Utashangaa ni ngapi.

Na mwisho, lile tunalosema kila mara na hatutachoka kulisema: mfanyakazi wetu hatakuomba PIN yako wala nambari ya kuthibitisha iliyoingia kwa simu yako. Wala mweka hazina wa kweli hatakuomba. Mtu akikutajia kiasi ulichochanga na tarehe uliyotuma, hajathibitisha kwamba ni wa chama. Huenda alitazama tu video.